Giaboksi: maana, ngeli na msamiati wa hitilafu zake

giaboksi *nm* [i-/zi-] kasha la chuma lililounganishwa na injini ya gari, lenye shafti, magurudumu ya meno na oili ndani yake, ambalo hupokea mzunguko wa injini na kuubadili uwe wa nguvu zaidi au wa kasi zaidi kabla haujayafikia magurudumu ya gari. *Pia:* sanduku la gia [li-/ya-].

*Mifano:* Giaboksi ya gari hili ina gia tano za mbele na moja ya nyuma. | Mafundi wameishusha giaboksi tangu asubuhi. | Sanduku la gia limepasuka upande wa chini.

Katika gereji za Karatu, mji ambao magari ya watalii hupitia yanapokwenda na kurudi kutoka Kreta ya Ngorongoro, hakuna sentensi inayosikika mara nyingi kama hii: "Giaboksi imekufa." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini haimwelezi fundi chochote. Hutumika kwa klachi iliyokwisha, kwa beringi inayovuma, kwa mkono wa fowili uliogoma, hata kwa difu isiyo na oili. Katika hayo yote, ni beringi pekee ambayo huenda ikawa ndani ya giaboksi. Dereva anayetumia neno moja kwa hitilafu zote hujikuta akilipia kazi ya kushusha kasha zito lisilo na ubovu. Kwa sababu hiyo makala haya hayaishii kwenye fasili ya nomino. Yanaeleza pia vitenzi vinavyoambatana nayo, kwa kuwa kitenzi kilichoteuliwa vyema ni nusu ya utambuzi wa ubovu.

1. Asili, umbo na ngeli

Neno *giaboksi* limetoholewa kutoka Kiingereza pamoja na maneno mengi ya gari yaliyoingia katika Kiswahili, kama vile *klachi*, *breki*, *beringi*, *shafti*, *jeki* na *spana*. Liliingia likiwa zima, na ndiyo maana mpangilio wake si wa Kiswahili. Kiswahili hutanguliza jina kuu, kisha hufuatisha kinacholifafanua: *sanduku la gia*, *tangi la mafuta*, *kioo cha mbele*. Katika *giaboksi* kinachofafanua ndicho kilichotangulia.

Istilahi zote mbili ni sahihi. *Sanduku la gia* hufaa zaidi katika vitabu vya mafunzo na maandishi rasmi. *Giaboksi* ndilo neno la gereji, la duka la spea na la barabarani. Jambo la kuzingatia ni upatanisho. *Giaboksi* huenda na ngeli ya i-/zi-: *giaboksi imeharibika, giaboksi zimeharibika*. *Sanduku* huenda na ngeli ya li-/ya-: *sanduku la gia limeharibika, masanduku ya gia yameharibika*. Si sahihi kusema \sanduku la gia imeharibika*, kosa linalotokea pale msemaji anapolipatanisha neno *gia* badala ya *sanduku*.

2. Neno *gia* na maana zake tatu

gia *nm* [i-/zi-] hutumika katika maana tatu zinazohusu gari, na mkanganyiko mwingi huanzia hapa.

(a) *Gurudumu la meno* lililo ndani ya giaboksi. *Mfano:* Gia ya tatu imekatika meno mawili.

(b) *Nafasi* au *daraja la mwendo* ambalo dereva huliteua. *Mfano:* Teremka kwa gia ya pili.

(c) *Mkono wa gia*, yaani fimbo ambayo dereva huishika anapobadili mwendo. *Mfano:* Gia imelegea, inacheza huku na huku.

Dereva husema "gia ya tatu haiingii" akiwa na maana (b), na fundi asiye makini huielewa kwa maana (a), akadhani gurudumu la tatu limeharibika. Yawezekana kisa kiko katika maana (c): bushi za mkono zimelika, mkono haufiki mahali pake. Anayetaka kueleweka na ataje kwa ukamilifu: *jino la gia*, *nafasi ya gia* au *mkono wa gia*.

3. Jirani za giaboksi

Nguvu ya injini hupitia sehemu kadhaa kabla ya kufika barabarani. Kuzijua kwa mpangilio wake kunasaidia kulipa kila neno nafasi yake.

klachi [i-/zi-]: kiungo kati ya injini na giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, klachi *hukata*, yaani hutenganisha injini na giaboksi. Akiachia, klachi *hushika*.

transfa [i-/zi-]: kasha dogo nyuma ya giaboksi katika magari ya fowili. Hugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndani yake mna *gia kubwa* kwa mwendo wa kawaida na *gia ndogo* kwa milima na matope.

propela shafti [i-/zi-]: bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka transfa au giaboksi hadi kwenye difu.

difu [i-/zi-]: kasha la mviringo katikati ya ekseli. Hugeuza mzunguko kuuelekeza magurudumuni, na huliruhusu gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani gari linapokata kona.

Ndani ya giaboksi yenyewe, neno linalohitaji maelezo ni sinkronaiza [i-/zi-]. Katika giaboksi ya kubadilisha kwa mkono, magurudumu ya gia za mbele aghalabu huwa yameshikana muda wote. Kinachosogea dereva anapoteua gia ni mkufu unaolifunga gurudumu moja kwenye shafti. Kabla mkufu haujashika, ringi ya shaba husuguana na gurudumu hilo hadi mwendo wa vyote viwili ulingane. Ringi hiyo ndiyo kiini cha sinkronaiza. Ikilika, gia huingia kwa kelele.

4. Vitenzi vya hitilafu

Vitenzi vifuatavyo si visawe. Kila kimoja huonesha mahali tofauti pa kutazama.

kugoma. Gia *inagoma* pale mkono unaposukumwa nayo isiingie. Swali la kwanza ni hili: zinagoma zote au moja tu? Zikigoma zote, zima injini kisha jaribu kuingiza kila gia. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na kugoma injini ikiwashwa, basi giaboksi haina kosa, *klachi haikati*. Mara nyingi kisababishi ni hewa au uvujaji katika mfumo wa maji ya klachi, au pleti iliyopinda. Rivasi ndiyo huanza kutoa taarifa, kwa kuwa katika giaboksi nyingi haina sinkronaiza. Klachi ikianza kukata kwa shida, rivasi hukwaruza kabla ya gia nyingine. Ikigoma gia moja tu, mashaka yanahamia kwenye uma unaosukuma mkufu wa gia hiyo au kwenye sinkronaiza yake.

kukwaruza. Gia *inakwaruza* pale inapoingia, lakini kwa sauti ya chuma kukwangua chuma. Ikiwa ni gia ileile kila mara, na hasa dereva anaposhuka kutoka gia ya juu, ringi ya sinkronaiza ya gia hiyo imelika. Dereva anaweza kuishi nayo kwa muda kwa kubadili gia polepole, lakini kila mkwaruzo hula meno yanayofuata. Oili isiyo ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji nayo huleta hali hii: oili nzito iliyokusudiwa difu haifai katika kila giaboksi, kwa kuwa viungo vyake vyaweza kuizuia ringi ya shaba isisuguane inavyopaswa.

kuchomoka. Gia *inachomoka* pale iliyokuwa imeingia inapotoka yenyewe na mkono kurudi katikati. Ni kitenzi kizito kuliko vyote katika eneo la Ngorongoro. Njia ya Seneto huteremka kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta, tofauti ya kimo ikiwa takribani mita 600, na gari lililobeba abiria hutegemea injini kulizuia kwa gia ya chini. Gia ikichomoka hapo, kazi yote huziangukia breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Kwa hiyo gari ambalo gia yake inachomoka halina ruhusa ya kushuka, hata kama dereva amezoea kuushikilia mkono kwa mkono wake. Visababishi ni springi na gololi za kushikilia uma zilizochoka, meno ya mkufu yaliyolika ncha, shafti inayocheza kwa sababu ya beringi, au mipira inayokalia giaboksi iliyokatika hivi kwamba kasha lote hutikisika. Cha mwisho hurekebishwa bila kushusha chochote. Ndicho cha kutazama kwanza.

kuteleza. Kitenzi hiki ni cha klachi. *Klachi inateleza* pale injini inapopandisha mlio lakini gari lisiongeze mwendo, hasa mlimani. Dalili huonekana mapema katika mwinuko wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, na huonekana wazi katika njia ya Lerai inayopanda kutoka ndani ya kreta. Kipimo chake ni chepesi: gari likiwa mahali pa tambarare, vuta handibreki, ingiza gia ya juu, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, kwa kuwa kukirudia huiunguza pleti inayopimwa.

kuvuma. Giaboksi *inavuma* pale inapotoa sauti mfululizo inayofuata mwendo. Hapa fundi husikiliza kwa mpangilio:

Sauti ikisikika gari limesimama, gia ikiwa huru na klachi imeachiwa, kisha ikapotea pedali inapokanyagwa, mshukiwa ni beringi ya shafti ya kuingizia. Sauti ikizaliwa pedali inapokanyagwa, mshukiwa ni beringi ya kuachilia klachi, ambayo haimo ndani ya giaboksi. Sauti ikiwepo katika gia moja tu, magurudumu ya gia hiyo yamelika. Ikiwepo katika gia zote isipokuwa ya nne, tazama beringi za shafti ya kati. Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne huunganisha shafti ya kuingia na ya kutoka moja kwa moja, nayo shafti ya kati hubaki bila mzigo. Sauti ikiendelea hata gari linapobingirika gia ikiwa huru, giaboksi iachwe kwanza. Nenda kwenye difu, propela shafti na beringi za magurudumu.

kuvuja. Oili *inavuja* kwenye sili, kwenye gasketi au kwenye ufa. Matone yanayoanguka mahali injini inapokutana na giaboksi huleta ubishi: ni ya injini au ya giaboksi? Pua huamua. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini haina. Kabla ya kubadilisha sili, na ikaguliwe *tundu la kupumulia* la kasha. Kasha linapopata moto hewa ndani yake hupanuka, na tundu likizibwa na vumbi jekundu la Karatu, presha hutafuta njia kupitia sili. Fundi anayebadilisha sili bila kuzibua tundu ataitwa tena baada ya muda mfupi.

5. Kitenzi *kugoma* na mkono wa fowili

Hitilafu ifuatayo yastahili sehemu yake, kwa kuwa si hitilafu, na kwa kuwa jiografia ya eneo hili huizalisha kila siku. Magari yanayoruhusiwa kushuka ndani ya kreta ni ya fowili. Dereva huingiza fowili na gia ndogo, hupanda hadi ukingoni, kisha huendelea na barabara ya udongo mpaka Lango la Lodoare. Hapo ndipo lami ya kwenda Karatu huanzia. Dereva aliyesahau kutoa fowili huingia kwenye lami, hukata kona kadhaa, kisha huvuta mkono nao haung'oki. Husema: "Transfa imegoma."

Katika kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo hupotea. Kwenye lami kavu tairi hushika, na kwa gari ambalo transfa yake huzifunga ekseli mbili pamoja, tofauti hugeuka kuwa msokoto ndani ya shafti. Meno hubanana kwa nguvu hata mkono usiweze kuyatenganisha. Kitenzi sahihi hapa ni kubana, si *kugoma*: *transfa imebana*. Tiba yake ni kusimama mahali salama, kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka ili msokoto ulegee, kisha kuvuta mkono bila kutumia nguvu. Anayeulazimisha hupinda uma, na hapo transfa hugoma kweli.

6. Vitenzi vya matengenezo

Msamiati wa ukarabati una mpangilio wake, na kila kitenzi hutaja hatua.

kupima huja kabla ya vyote. Kizibo cha kujazia oili kifunguliwe *kabla* ya kizibo cha kumwagia. Ni kanuni ndogo yenye sababu kubwa: kizibo cha juu kikiwa kimeshika kutu na hakifunguki, aliyekwisha kumwaga oili hana pa kujazia, na gari limekwama. Katika magari mengi, oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

kumwaga oili ni sehemu ya uchunguzi, si usafi tu. Oili nyeupe mfano wa chai ya maziwa imeingiwa na maji. Huonekana baada ya kuvuka makorongo wakati wa masika. Chembe za rangi ya dhahabu zimetoka kwenye ringi za shaba. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida: jino au beringi imevunjika, na hapo hakuna budi kushusha.

kushusha giaboksi ni kuitenganisha na injini na kuiteremsha. Hutanguliwa na kutoa propela shafti, mkono wa gia na nyaya. Kasha lishikiliwe kwa jeki muda wote. Likining'inia kwenye shafti ya kuingizia, huharibu pleti ya klachi.

kufumua ni kuitenganisha giaboksi yenyewe kipande kwa kipande. *Kushusha* si *kufumua*: anayebadilisha klachi hushusha bila kufumua. Bei za kazi hizi mbili ni tofauti, na mteja aulize ni ipi anayolipia.

kuosha, kukagua na kupanga hufuata kufumua. Vipande hupangwa mezani kwa utaratibu wa kutoka kwake, kwa kuwa ringi mbili zinazofanana kwa macho huenda zisilingane kwa kipimo.

kufunga ni kuunganisha upya, na kupandisha ni kuirudisha garini. Giaboksi ikiwa imeshushwa kwa sababu yoyote, ni busara kukagua pia klachi, beringi ya kuachilia na sili ya nyuma ya injini, kwa kuwa vyote viko wazi na kazi kubwa imekwisha kufanyika.

7. *Gari la michezo*, *gari la mbio* na *gari la mashindano*

Maneno haya matatu huchanganywa. *Gari la michezo* ni gari lililoundwa kwa mwendo wa kasi na wepesi wa usukani, hata kama halijawahi kuingia kwenye shindano. *Gari la mashindano* ni lolote lililoandaliwa kushindana. *Gari la mbio* hutumika kwa maana zote mbili, na kwa hiyo huhitaji muktadha.

Kwa giaboksi, gari la michezo hubadili maana ya baadhi ya vitenzi vilivyoelezwa juu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, imetoa mifano miwili ya kufaa. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na injini mbele, giaboksi nyuma ya injini, na difu katika ekseli ya nyuma. Vitenzi vyake ni vilevile vya gari la kawaida. Porsche 911, iliyoshika nafasi ya pili mwaka 1978, ina injini nyuma, na giaboksi yake na difu vimo katika ganda moja. Kwa gari la namna hiyo, kusema "sauti inatoka kwenye difu, si kwenye giaboksi" hakuleti tofauti kwa mkoba: ganda ni hilohilo na litashushwa. Ndivyo ilivyo pia kwa magari madogo mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

Kuna tofauti ya pili. Giaboksi ya mashindano aghalabu hutumia meno yaliyokatwa wima badala ya ya mshazari. Meno wima hayaisukumi shafti pembeni, lakini huvuma kwa sauti kubwa. Kwa gari hilo *kuvuma* ni tabia, si ubovu. Kitenzi hakitoshi bila kujua ni gari gani linalosemwa.

8. Matumizi ya kitamathali

*kubadili gia*: kubadili mbinu au kasi ya jambo. *Mfano:* Mzungumzaji alipoona wasikilizaji wamechoka, alibadili gia.

*kubadili gia angani*: kugeuza uamuzi ghafla, jambo likiwa limekwisha kuanza. Usemi huu ulivuma katika siasa za Tanzania wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2015. Aliye angani hana barabara ya kusimama ili apange upya mwendo, na hapo ndipo ulipo ukali wa usemi.

*kwa gia ya*: kwa kisingizio au mbinu ya. *Mfano:* Alimwingia kwa gia ya ukoo, kumbe anataka mkopo. Matumizi haya ni ya mazungumzo. Hayafai katika maandishi rasmi.

9. Makosa ya kuepukwa

*Gari imeharibika giaboksi* → *Gari limeharibika giaboksi.* Katika Kiswahili sanifu, *gari* huenda na ngeli ya li-/ya-.

*Klachi inachomoka* → *Klachi inateleza* au *Gia inachomoka*, kulingana na maana. Ni hitilafu mbili zisizohusiana.

*Gia ndogo* kwa maana ya gia ya kwanza → *gia ya kwanza*. *Gia ndogo* ibaki kuwa ya transfa, la sivyo dereva aliyeambiwa "shuka kwa gia ndogo" atashuka kwa gia asiyokusudiwa.

10. Mfano wa matumizi katika mazungumzo

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, kijana. Gari lina nini?

— Giaboksi imekufa, fundi.

— Imekufa vipi? Inagoma, inachomoka au inavuma?

— Inachomoka. Gia ya tatu, nikiwa nateremka.

— Na ukikanyaga mafuta?

— Hapo inatulia.

— Basi hatushushi kitu bado. Tuanze na mipira inayoikalia, kisha mkono na bushi zake. Ikiwa hapo ni pazima, ndipo tuzungumze habari ya kushusha. Ila kesho usiteremke nalo kreta.

Jibu la kwanza la dereva lilikuwa nomino na neno *kufa*. Fundi hakuweza kulitumia. Jibu la pili lilikuwa kitenzi kimoja, na kitenzi hicho ndicho kilichoamua cha kukaguliwa kwanza na safari ya kuahirishwa.

*Tazama pia:* beringi, difu, fowili, klachi, shafti, sili, transfa.